Kutoka Kigoma hadi Tamasha la Komiki Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kwenda, Kuzitazama Sanamu na Kurudi Nazo Nzima

Maswali kuhusu safari ya tamasha la komiki ni yaleyale kila msimu, kwa hiyo nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja. Vijana wa hapa Kigoma wanaopenda anime (katuni za Kijapani), komiki na sinema za mashujaa hujinyima miezi, hukusanya nauli, husafiri hadi kwenye tamasha kubwa la utamaduni pendwa, halafu hurudi na kilio kimoja.

Mmoja alifika siku ya mwisho jioni, wenye mabanda wanafunga maboksi. Mwingine alipiga picha 400, na alipozifungua nyumbani akakuta karibu zote zina mng'aro wa taa ya ukumbi katikati ya uso wa sanamu. Wa tatu alinunua kisanamu kwa akiba yake yote, akakitoa kwenye begi pale stendi kikiwa hakina mkono.

Mimi ni mchonga mbao. Kazi yangu ni mninga, patasi na msasa, na ninakwenda kwenye tamasha hili kwa ajili ya sanamu tu: zile ambazo vijana huziita figa, na zile kubwa za wakusanyaji zinazokaa ndani ya kabati la kioo. Mara ya kwanza nilizunguka ukumbi mzima kwa saa tatu, na nilipofika nyumbani sikuweza kumweleza mke wangu hata sanamu moja imesimamaje. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko yote: chagua sanamu chache, tano zinatosha, uzitazame hadi uzijue.

Tamasha ninalolizungumzia ni NAICCON la Nairobi. Nimelichagua kwa sababu mtu wa Kigoma anaweza kulifikia kwa basi na hahitaji viza. Hatua za kutazama, kupiga picha na kufunga mzigo zinafaa kwenye tamasha lolote.

## Vitu unavyohitaji

Andaa hivi kabla ya kufikiria nauli:

- Pasipoti hai, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Tiketi ya tamasha iliyokwisha kulipiwa, moja ndani ya simu na nakala moja ya karatasi.
- Shilingi za Kenya za kutosha siku mbili, nyingine zikae benki au kwenye simu.
- Daftari dogo lisilo na mistari, penseli mbili na kichongeo.
- Rula ya sentimita 30.
- Kitambaa cheusi cha ukubwa wa leso, na fulana au shati jeusi.
- Betri ya akiba ya kuchajia simu.
- Kanga mbili kuukuu, magazeti, na vipande vya sponji. Fundi wa makochi atakupa mabaki kwa bei ndogo au bure.
- Boksi gumu la katoni, likunjwe na kuwekwa chini ya begi.
- Sweta. Kigoma tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko karibu 1,700. Asubuhi ya Julai kule inauma.

Usibebe mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, na kwetu tangu Juni 2019. Kanga na magazeti vinafanya kazi ileile, na hakuna askari atakayekusimamisha kwa ajili yake.

Kama unampelekea mwenyeji wako dagaa, wafunge kwenye ndoo yenye mfuniko na wapande peke yao. Harufu yake ikishaingia kwenye vazi la kosplei, yaani la kujivika kama mhusika, au kwenye boksi la sanamu, haitoki.

## Hatua ya 1: Anza Ujiji

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayowaangusha.

Panda daladala au bajaji hadi Ujiji, kwenye jumba la makumbusho la Livingstone. Ndani kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley, zimesimama zinavua kofia kusalimiana. Zimetengenezwa kwa karatasi zilizolowekwa na kugandishwa kwa gundi, kisha zikapakwa rangi. Si kazi ya kiwandani, na ndiyo sababu zinafaa kwa mazoezi: mkono wa mtengenezaji unaonekana wazi.

Simama mbali uzitazame kwa dakika mbili bila simu. Kisha zunguka kadiri nafasi inavyoruhusu. Jiulize uzito wa mwili uko mguu gani. Jiulize kama mkono ulioinua kofia umeinua na bega, au bega limebaki chini kana kwamba mkono si wake. Chora kila moja kwa dakika tano.

Sababu: jicho ni kama mkono, halizoei kazi kwa siku moja. Ndani ya ukumbi wa tamasha kuna muziki, msongamano na taa. Usipokuwa umezoea kutazama penye utulivu, hutaweza kule.

Utajua umefaulu ukitoka nje chini ya miembe, ukafumba macho, na ukaweza kueleza kila sanamu imeshika kofia kwa mkono gani na kichwa kimeelekea wapi.

Aliye Tabora anaweza kufanya zoezi hili kwa fundi yeyote wa vinyago. Mwombe akuruhusu ukae saa moja, na ukifika na soda itakuwa adabu nzuri.

## Hatua ya 2: Pasipoti na tiketi

Anza pasipoti miezi minne kabla. Maombi hujazwa mtandaoni, kisha unafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na vielelezo: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, picha, na vya wazazi. Kwa sisi wa mikoa ya mpakani ni busara kubeba vyeti vyote vya ukoo vilivyopo, ili ukiulizwa chochote usirudi nyumbani kukitafuta. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000.

Tarehe na ukumbi hutangazwa na waandaaji wenyewe. Soma tangazo lao, usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, maana mara nyingine ni ya mwaka uliopita. Lipa kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au umtumie pesa ndugu aliye Nairobi akulipie.

Onyo: usisafiri kwa matumaini ya kupata tiketi mlangoni. Matamasha mengine makubwa duniani hayana utaratibu huo. Comic-Con ya San Diego kule Marekani hupokea watu zaidi ya 130,000 na mlangoni haiuzi hata moja. Nunua tiketi ya siku zote kama uwezo upo. Siku moja haitoshi, na hatua ya 4 itakuonyesha kwa nini.

## Hatua ya 3: Njia

Njia zipo mbili zinazofaa.

Ya kwanza ni basi: Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Babati, Arusha. Ya pili ni treni ya Reli ya Kati hadi Dodoma, kisha basi la Dodoma kwenda Arusha kupitia Kondoa na Babati. Mimi napenda treni wakati wa kwenda kwa sababu naweza kulala, na basi wakati wa kurudi kwa sababu mzigo wenye sanamu hutaka kubebwa mapajani, si kupandishwa na kushushwa stesheni.

Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi, na Namanga hadi Nairobi kama 160. Hesabu siku tatu za kwenda na tatu za kurudi, ukiweka usiku mmoja mzima wa kulala kitandani Arusha. Atakayefika Nairobi alfajiri na kwenda moja kwa moja ukumbini ataona usingizi, hataona sanamu.

Badilisha fedha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni kabla ya mpaka. Wale watakaokufuata Namanga wameshika mabunda mkononi, wape salamu uendelee na safari.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, zunguka bila kununua

Fika mlango unapofunguliwa. Mabegi yatakaguliwa, kwa hiyo panga vitu vyako vionekane upesi.

Ukishaingia, tembea ukumbi wote mara moja, polepole, mikono nyuma. Usinunue chochote. Usipange foleni ya chochote. Kwenye daftari chora mstatili wa ukumbi, na kila ukiona sanamu iliyokusimamisha weka nukta na jina la banda. Saa moja au saa moja na nusu inatosha.

Halafu tafuta pa kukaa, unywe chai, utazame nukta zako. Kama ziko 20, futa hadi zibaki tano. Hapa watu huumia, najua. Kila moja inavutia. Lakini sanamu 20 kwa siku ni sawa na kusoma ukurasa mmoja mmoja wa vitabu 20.

Chaguo langu la kudumu: moja kubwa ya kabatini, moja ndogo ya plastiki, moja iliyotengenezwa na msanii wa Afrika Mashariki, moja ambayo sikuipenda lakini watu wameizunguka, na moja iliyoharibika au isiyokamilika. Hiyo ya mwisho hufundisha kuliko zote, kwa sababu inaonyesha tumbo lake.

Utajua umefaulu ukiwa na ramani yenye nukta tano na hela yako yote ingali mfukoni.

## Hatua ya 5: Kuitazama sanamu moja

Hapa ndipo penye kiini cha safari. Tenga nusu saa kwa kila sanamu. Ukiona ni nyingi, anza na robo saa.

### Mbali kwanza

Simama hatua tano au sita nyuma. Kunja macho kidogo hadi usione sura wala rangi, ubaki na umbo jeusi tu. Umbo hilo linasema kitu? Sanamu nzuri ya mpiganaji inasomeka kuwa mpiganaji hata ikiwa kivuli. Fuata kwa jicho mstari mmoja kuanzia kisigino, upite nyonga, mgongo, hadi ncha ya upanga au nywele. Kama mstari unatiririka bila kukwama, mchongaji alijua kazi. Kama unakatika kiunoni, hapo alichoka.

### Zunguka

Mchonga Mmakonde akitengeneza kinyago cha ujamaa kwenye gogo moja la mpingo, watu hupandana pande zote, na huwezi kusema mbele ni wapi. Lazima mtazamaji atembee. Sanamu nyingi za matamasha zimeundwa zitazamwe kutoka mbele, lakini mafundi wakubwa huficha utamu mgongoni: mkunjo wa joho, pingili za uti wa mgongo, namna kamba ya kiatu ilivyofungwa.

Kabati likiwa limegusa ukuta, mwombe mwenye banda: "Samahani dada, naomba unigeuzie hii nione mgongo wake, sitaigusa." Sijawahi kunyimwa. Nairobi wenyewe watakuita "boss", wewe endelea na dada na kaka zako, wanakipenda Kiswahili cha huku.

### Uzito uko wapi

Tazama miguu na kitako cha sanamu, yaani msingi inaosimamia. Mtu halisi akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega lake hushuka. Angalia kama mchongaji ameliona hilo.

Kisha tafuta siri ya kusimama. Mhusika anayeruka angani hashikiliwi na hewa. Kuna ulimi wa moto, wimbi la maji au ncha ya joho inayogusa chini, na ndani yake kuna fimbo ya chuma au plastiki ngumu. Kwa mchongaji huu ni uchumi wa akili: kitu kinachobeba mzigo kimegeuzwa kuwa pambo. Mimi nilirudi na somo hili nikabadilisha namna ninavyochonga ndege. Zamani ndege wangu walikuwa na nguzo chini ya tumbo. Sasa wanashikwa na unyasi.

### Vipimo

Kwenye boksi au kibao utaona 1/4, 1/6, 1/12. Ni uwiano wa kimo. Mhusika wa sentimita 180 akiwa 1/6 anakuwa sentimita 30, yaani rula yako. Akiwa 1/4 anakuwa 45. Akiwa 1/12 anabaki 15. Hot Toys wa Hong Kong wanajulikana kwa 1/6 zenye nguo za kitambaa na viungo vinavyopinda. Nendoroid za Good Smile Company ya Japani ni visanamu vyenye vichwa vikubwa, vya urefu wa sentimita 10 hivi, hazifuati uwiano wowote wa mwili, na kosa la kawaida ni kuzidharau kwa sababu hiyo. Tazama jinsi uso unavyobadilishwa kwa kipande kimoja cha mbele na hisia yote ikageuka.

### Mshono wa kalibu

Huu ndio ukaguzi wa kifundi. Sanamu hizi hazichongwi moja moja. Msanii hufinyanga ya kwanza kwa udongo maalumu, au huiunda ndani ya kompyuta kwa programu kama ZBrush na kuichapa kwa printa ya 3D. Kisha hutengenezwa kalibu, ya silikoni kama sanamu itasubiwa kwa rezini (kemikali ya maji inayomiminwa na kuganda), ya chuma kama ni plastiki ya PVC. Pande mbili za kalibu zinapokutana hubaki mstari mwembamba.

Utafute. Pitisha jicho ubavuni mwa mguu, chini ya kwapa, pembeni mwa shingo. Fundi mzuri hupeleka mshono pale penye mkunjo wa nguo au ukingo wa mkanda, usiuone. Kazi ya haraka huuacha katikati ya shavu.

Zile nzito za kabatini kwa kawaida ni za polistoni, yaani rezini iliyochanganywa na unga wa mawe. Ya 1/4 inaweza kupita kilo tano. Haipindi ikigongwa, inavunjika kama kigae. Kwa hiyo usiguse, usiegemee kabati, na begi lako la mgongoni ligeuze likae kifuani.

### Uso na rangi

Mwisho ndipo usogee. Macho kwanza. Je, yote mawili yanatazama mahali pamoja? Rangi ya ngozi ni moja tu, au kuna wekundu uliopulizwa kwenye viungo vya vidole, magoti na masikio? Kwenye chuma, je, kutu imewekwa pale ambapo maji yangetuama kweli, au imerashiwa ovyo?

### Chora

Dakika kumi. Haijalishi kama hujui. Mkono ukichora goti, jicho hulazimika kuliangalia goti, na hapo ndipo utakapoona vitu ambavyo nusu saa nzima ulivipita.

Utajua umefaulu ukiondoka bandani na unaweza kumsimulia mtu sanamu hiyo kuanzia kisigino hadi nywele, mbele na nyuma, bila kutazama simu.

## Hatua ya 6: Picha

Piga picha baada ya kutazama.

Zima mwako wa kamera. Kioo kitaurudisha wote kwenye lenzi. Sogeza simu karibu na kioo, funika pembeni yake kwa kile kitambaa cheusi, na fulana yako nyeusi itapunguza kivuli chako mwenyewe kwenye kioo.

Kama hakuna kioo, rudi hatua moja nyuma uvute kwa mara mbili. Ukikaribia sana kwa lenzi pana, kichwa huvimba na miguu husinyaa, na mtu atadhani mchongaji alikosea. Shusha simu hadi usawa wa kifua cha sanamu. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo.

Utaratibu wangu ni kibao cha jina kwanza, halafu pande nane za mzunguko, uso, kitako, na moja yenye rula pembeni. Picha 12. Zinatosha kukumbuka, na zinatosha kujifunzia kazini.

Wenye mavazi ya kosplei ni watu, si sanamu. Omba kwanza, subiri akubali, na usimguse hata upanga wake wa sponji.

## Hatua ya 7: Ongea na mtengenezaji

Meza za wasanii huwa pembeni, hazina taa nyingi, na ndiko nilikojifunza mengi. Nenda asubuhi au muda ambao watu wamejaa kwenye jukwaa la mashindano ya kosplei.

Usianze na bei. Anza na swali la kazi: ulitumia udongo gani, kipande hiki umekiunga wapi, rangi umepaka kwa brashi au umepuliza? Msanii akiona umeona mshono wake, atakutolea na zile alizoficha chini ya meza. Muulize pia ni kipande gani kilimshinda mara nyingi. Andika jibu mbele yake, ni heshima.

Ukinunua kwake, umenunua mkononi mwa aliyetengeneza. Kwangu mimi hiyo ndiyo hela inayotoka kwa furaha zaidi.

## Hatua ya 8: Kununua bila kuuziwa feki

Nunua siku ya mwisho asubuhi. Siku ya kwanza tamaa ni kali, na utalazimika kubeba mzigo siku zote.

Dalili za feki:

- Boksi lina rangi iliyofifia, halina jina la kampuni wala ile lebo inayong'aa ya uhalisi pale ambapo kampuni hiyo huiweka.
- Macho hayalingani, rangi imevuka mpaka wa nguo.
- Harufu kali ya kemikali boksi linapofunguliwa.
- Tundu la mguu halilingani na kijiti cha kitako, sanamu inayumba.
- Bei iko chini mno, na muuzaji hataki ulifungue boksi.

Mwombe akufungulie ukague mikono, vidole na kitako. Kwenye sanamu kubwa zenye idadi maalumu, namba ya toleo huandikwa chini ya kitako. Hakikisha inalingana na ya boksi. Chukua risiti.

Nasema hili kwa uchungu: feki si unafuu. Kuna mchongaji aliyekaa miezi na kazi ile, na feki inamwibia. Kama hela haitoshi, nunua kidogo kilicho halali, au rudi na mchoro wako.

## Hatua ya 9: Kufunga na kuvuka mpaka

Kama boksi la asili lipo na plastiki yake ya ndani imelingana na umbo, usiitoe sanamu humo. Jaza tu nafasi kwa vipande vya sponji ili isicheze, zungushia kanga, tia ndani ya katoni yako, na kati ya katoni na boksi weka magazeti yaliyofinywa.

Kama haina boksi, tenganisha kila kinachotenganika: silaha, mabawa, kitako. Funga kila kimoja peke yake. Vidole na panga nyembamba vipate sponji pande mbili.

Jaribio: tikisa katoni taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua urudie. Barabara itatikisa zaidi yako.

Katoni ikae mapajani au chini ya kiti chako. Usikubali iwekwe kwenye buti, hata kondakta akikuapia. Mle kuna joto, na juu ya katoni kutakuwa na gunia la mtu.

Namanga, ofisa akiuliza, sema ulichonunua na utoe risiti. Kama kuna ushuru, lipa na uchukue stakabadhi. Anayeficha ndiye anayefunguliwa mzigo wote, na sanamu hufungwa tena kwa haraka. Hapo ndipo mikono inapovunjika.

## Hatua ya 10: Kuitunza Kigoma

Ukifika, usiifungue usiku huohuo. Umechoka na mkono unatetemeka. Fungua asubuhi, juu ya godoro.

Jua letu na joto la chini ya bati ni adui wa PVC. Weka kabati ukuta usiopigwa na jua la magharibi. Usiiweke dirishani wala juu ya televisheni. Kabati la kioo ni zuri kwa vumbi la kiangazi, ila lifungue mara moja kwa wiki, kwa sababu plastiki hutoa jasho la mafuta na ikifungiwa muda mrefu hunata. Ikinata, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, uikaushe kivulini. Vumbi la kawaida liondoe kwa brashi laini ya kupakia poda.

Polistoni ikivunjika, usikimbilie kupaka gundi. Jaribu kwanza vipande vikiwa vikavu uone vinavyokaa, futa vumbi, kisha tumia gundi ya epoksi kidogo na ushikize kwa utepe wa karatasi hadi kesho yake.

PVC ikianza kuinama, na huku kwetu vifundo vya miguu huinama mapema, chemsha maji, yaepue yapoe kidogo, uchovye mguu tu kwa dakika moja au mbili. Utalainika. Unyooshe kwa vidole taratibu, ushikilie hapo hapo, na uuingize kwenye maji baridi hadi ugande. Ikaushe, irudishe kwenye kitako, uitazame kwa ubavu kila asubuhi kwa wiki moja. Kama haijainama tena, irudishe kabatini. Kama imeinama, kabati lako bado liko mahali pa joto, lihamishe kabla ya kunyoosha mara ya pili.